Maziwa Ndani ya Ndoo

Nilipokuwa mtoto, chura akiingia nyumbani kwetu hakuna aliyenyanyua ufagio. Mama alisogeza sufuria, mimi nilikunja miguu, na kogo, yaani nyanya yangu aliyemzaa baba, aliinuka polepole kutoka kwenye kigoda chake kando ya moto. Alikiendea kile kibuyu cha maziwa kilichoning'inia ukutani, akachovya vidole vitatu, akamnyunyizia mgeni wetu matone machache mgongoni na mengine sakafuni mbele yake.

"Tumekuona," alimwambia. "Watu wa hapa wako salama. Na wewe nenda salama."

Kisha alifungua mlango akaushikilia. Sehemu hiyo sikuitilia maanani wakati ule. Mvua ingeweza kuwa inamwagika nje, upepo uurudishe moshi wote machoni mwetu, lakini kogo alisimama pale ameushika mlango mpaka chura ajikokote, aruke mara moja, aruke mara mbili, atoke.

Sisi ni Wakipsigis, na kila ukoo kwetu una mnyama wake. Kuna watu wa simba, watu wa tembo, watu wa nyuki. Shuleni wenzangu wa ukoo wa simba walitembea kifua mbele, nami niliyetoka kwa chura nilitaniwa niruke kidogo waone. Jumapili tulikwenda kanisani kama watu wote wa upande wa Roret, tukaimba, tukatoa sadaka, na mchungaji hakuuliza habari za chura wala sisi hatukumwambia. Lakini kogo hakuwa na mchezo na jambo hilo. Alikuwa na msemo wa kujivunia, kwamba yeye hakuzaliwa ndani ya chura bali aliolewa ndani yake, na anayeolewa ndani ya nyumba huijua kuliko aliyezaliwa humo.

"Hatumpigi," alinifundisha. "Hatumruki tukimkuta njiani. Hatumfungi mdomo. Mtu wa nyumba hii akimfunga chura mdomo, mtoto wa nyumba hii atafungwa wake."

Nilikuwa na miaka tisa, na mtoto wa nyumba hii nilikuwa mimi peke yangu. Baada yangu walikuja wawili, na wote wawili hawakukaa. Mmoja alikaa siku nne. Mwingine hakukaa hata siku moja. Kwa hiyo mwaka ule tumbo la mama lilipoanza kuonekana, nyumbani hatukulitaja. Tulilizunguka tu, kama mtu anavyozunguka sufuria iliyojaa maziwa ya moto.

Baba alikuwa kazini kwenye mashamba ya maua Naivasha, akirudi mwisho wa mwezi. Mimi ndiye niliyemsindikiza mama kliniki. Nesi, mwanamke mnene aliyevaa sweta ya buluu juu ya gauni lake jeupe, alimvuta mama kope la chini, akatazama, akamgeuza viganja, akatazama tena.

"Damu yako iko chini, mama," alisema. "Chini sana. Ukifika siku yako ukiwa hivi, sitakuficha, mmoja wenu anaweza kukosa kurudi nyumbani. Kula maini. Kula nyama, mayai, samaki. Mboga peke yake haitoshi."

Tulirudi kwa miguu kati ya mashamba ya chai, mama mbele na mimi nyuma, na katikati ya mteremko alisimama kupumua.

"Chela, usimwambie kogo."

"Nisimwambie nini?"

"Hayo ya mmoja wenu."

Sikumwambia. Lakini njia nzima niliyapanga maneno ya nesi kichwani. Maini na nyama tulivila Krismasi tu. Kuku wetu walikuwa wamemalizwa na ugonjwa mwezi uliopita, kwa hiyo mayai nayo hayakuwepo. Nilibaki na neno la mwisho, na neno la mwisho lilikuwa samaki.

Na samaki, kwetu, maana yake ilikuwa Makokha.

Shamba letu linakomea kwenye kijito, na ng'ambo ya kijito inaanza chai ya kampuni, kijani kisicho na mwisho. Kampuni ilikuwa imekizuia kijito hicho kwa ukuta wa saruji, likawa bwawa, na kando ya bwawa kulikuwa na nyumba ya pampu. Makokha ndiye aliyeiendesha pampu. Alikuwa ametoka upande wa Kakamega akiwa kijana, akazeekea kwenye nyumba za wafanyakazi, na kwao samaki ni chakula cha watu. Alipotoka kazini Jumamosi adhuhuri, alivua akiwa ndani ya kitu ambacho sijaona kingine mfano wake tangu hapo: mtumbwi wa plastiki, mwembamba, wa manjano, wenye nafasi ya mtu mmoja tu, aliouacha meneja mmoja Mzungu alipohama. Meneja aliuita kayaki. Sisi watoto tuliuita ganda, kwa sababu Makokha akiketi ndani yake, miguu imepotelea mbele na kichwa kimechomoza katikati, alifanana kabisa na punje moja ya njegere iliyosahauliwa.

Nilimwendea Jumamosi moja.

"Mzee Makokha, nataka samaki."

"Kila mtu anataka samaki. Hata samaki anataka samaki."

"Ni ya mama. Damu yake iko chini."

Kicheko kilimwisha. Aliweka kasia chini akanitazama vizuri, kisha akatazama maji.

"Kuna kambare hapo chini ya ukuta," alisema. "Mkubwa, na wenzake. Lakini hao hawataki nyungunyungu. Wanataka kitu inapiga mateke. Chura mimi naweza shika, wamejaa hapo kwa nyasi. Kuwaweka ndio shida. Nikiwaweka kwa nyumba ya pampu, joto ya injini inawamaliza kabla Jumamosi ifike. Na ukirusha chura mfu, kambare anakucheka." Alionyesha kwa kidevu upande wetu wa kijito. "Lakini nyinyi mko na ile chemchemi. Maji baridi, kivuli. Wewe niwekee tu. Kila Jumamosi nakupatia samaki ya mama."

"Sisi ni watu wa chura," nilimwambia.

"Najua. Mnawapea maziwa na mimi nakunywa chai ya rangi." Halafu akasema, kwa upole, maneno ambayo nimeyabeba miaka yote hii. "Si ndiyo vizuri? Nani atawaangalia kuliko ndugu yao?"

Nilifikiri usiku kucha, kama mtoto wa miaka tisa anavyoweza kufikiri. Sitawapiga, nilijiambia. Sitawaruka. Sitawafunga mdomo. Nitawaweka tu, na kuweka si kuua.

Basi nikawa mwekaji wa chambo. Makokha alinipa ndoo nyeupe iliyokuwa ya rangi ya nyumba, kifuniko chake kimetobolewa kwa msumari wa moto, akanifundisha kazi. Maji yasizidi vidole viwili, kwa sababu chura aliyefungiwa kwenye maji mengi huchoka kuogelea akafa. Katikati jiwe, wapate pa kukalia. Juu ya jiwe nyasi mbichi. Wasizidi ishirini. Maji yabadilishwe asubuhi na jioni, tena yawe ya chemchemi ile ile, yasiwe ya mvua iliyoteremka kwenye mabati. Akifa mmoja, mtoe upesi, maana huwaharibu wengine. Na kifuniko kiwekewe jiwe, nguchiro asije.

Nilifanya yote hayo, nikaongeza yangu. Niliwakamatia nzi. Niliwakatia nyasi laini kuliko zile nilizomkatia ndama. Siku zisizo za shule, jua lilipohama niliihamisha ndoo, na lilipohama tena niliihamisha tena, mpaka nikajua kivuli cha ule mti wa chemchemi saa kwa saa. Hakuna aliyekufa mikononi mwangu. Makokha alifungua kifuniko Jumamosi ya kwanza akawahesabu wakirukaruka, akatikisa kichwa.

"Wewe umewalea," alisema. "Hawa ni wanono kuliko mimi."

Majini alikuwa na njia yake ya kuwabeba. Ndoo haikuenea kwenye ganda, na ikipinduka mtu anapinduka nayo. Kwa hiyo aliwahamishia kwenye jerikeni la lita tano alilolitoboa pande zote na kulifungia chupa tupu shingoni ili lielee nusu. Maji yaliingia na kutoka, hewa ikabaki juu. Alilifunga kwa kamba nyuma ya ganda, akapiga kasia, na jerikeni likamfuata taratibu katikati ya bwawa kama ndama anayefuata mamake. Nilisimama juu njiani nikitazama. Mara nyingine, kukiwa kimya, waliimba humo ndani. Jerikeni likaimba, katikati ya maji, nami niliona fahari. Mungu anisamehe, niliona fahari.

Samaki wa kwanza alikuwa na urefu wa mkono wangu. Makokha alimkata vipande akanifungia kwenye jani la mgomba. Kwa wazee wetu samaki alikuwa nyoka wa majini tu, na kogo aliposikia harufu alibeba kigoda chake akaketi nje mpaka sufuria ikaoshwa. Mama alikula amebana pua, machozi yakimlengalenga, akameza kama mtu anayemeza dawa.

"Huyu Makokha anataka nini kwetu?" aliniuliza.

"Namchotea maji ya chemchemi."

Alinitazama kwa muda, mkono umesimama juu ya sahani. Halafu akachukua kipande cha pili.

Jumamosi tano zilipita hivyo. Tuliporudi kliniki, nesi alivuta kope, akatazama, akasema, "Haya, sasa tunaongea." Viganja vya mama vilikuwa vimeanza kurudi rangi. Nilivitazama njia nzima nikirudi, na moyoni nilikuwa na hakika kwamba damu ile nimeitengeneza mimi, kwa ndoo, kwa nyasi, kwa kivuli.

Jumamosi ya sita, mshikio wa ndoo ulikatika, nami nikaikumbatia mpaka ukingoni penyewe. Siku zilizotangulia nilimkabidhi Makokha ndoo juu njiani nikabaki kutazama kwa mbali. Siku hiyo nilikuwa karibu naye wakati anatayarisha ndoana. Alimtoa chura mmoja, yule mwenye mstari wa kijani mgongoni niliyemjua vizuri. Alimshika kwa upole, jinsi alivyoshika kila kitu. Akaiingiza ndoana chini ya kidevu, akaipandisha, ikatokea juu ya pua. Midomo yote miwili, wa chini na wa juu, imeshonwa pamoja.

"Hivi anaishi saa nzima," alinieleza, kama fundi anayemfundisha mwanafunzi wake. "Ukitoboa mguu anachoka haraka."

Chura alinyanyua mikono yake miwili, akakisukuma kile chuma mbele ya uso, akakisukuma tena, kama mtoto anayesukuma sweta iliyombana kichwani. Hakulia. Angeliaje?

Ndipo nilipomsikia kogo, kwa sauti yake kabisa, ingawa alikuwa mbali nyumbani akipura maharagwe. Hatumfungi mdomo.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya likizo ya Agosti, baridi, mvua kila alasiri. Jumatatu Makokha alileta vyura kumi na wanane wapya. Niliwapokea. Watu huniuliza, wale wachache niliowahi kuwasimulia, kwa nini niliwapokea, na kwa nini sikuwamwaga wote kijitoni nikakimbia. Huwajibu kwamba wahesabu Jumamosi zilizobaki kabla ya mama kujifungua. Zilikuwa nne. Nikiwaachilia, mama hana samaki, na mmoja wao anaweza kukosa kurudi. Nisipowaachilia, mtoto atafungwa mdomo. Nilikaa kando ya ile ndoo siku tatu nikigeuza mambo hayo, na kila upande niliogeuza nilimkuta mama. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Kumuuliza kogo kulikuwa kumwambia. Kumuuliza mama kulikuwa kumtoa samaki mdomoni.

Alhamisi jioni, mara tu mama alipomaliza kukama, nilipata wazo, na lilikuwa zuri mno hata nikacheka peke yangu. Maziwa. Kogo huwapa maziwa, na wakishapewa maziwa hawana neno na sisi. Niliiba kikombe kizima kutoka kwenye ndoo ya kukamia, cha moto bado, povu juu. Nilikwenda chemchemini, nikaondoa jiwe, nikafungua kifuniko, nikawamwagia wote. Vidole vitatu niliona ni vichache kwa vyura kumi na wanane.

"Tumewaona," niliwaambia. "Watu wa hapa wako salama."

Maneno ya mwisho niliyaruka, kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Nikafunika, nikarudisha jiwe.

Ijumaa asubuhi nilinusa kabla ya kuona. Maziwa yalikuwa yamechacha na kuganda, yamewashika ngozi, yamefunga kila mahali ambapo chura huvuta hewa. Wote kumi na wanane walielea matumbo juu, weupe juu ya weupe. Nilichovya mkono nikamgeuza mmoja, nikamgeuza wa pili. Nilimwosha wa tatu kwa maji safi ya chemchemi, nikamsugua kidogo kifuani, kama nilivyomwona mkunga akimfanyia mtoto wetu yule ambaye hakukaa hata siku moja. Ikawa vile vile.

Sikumsikia kogo akija na mtungi wake. Nilipoinua macho alikuwa amesimama juu yangu, anatazama ndani ya ndoo. Sura yake haikubadilika. Alishuka tu, taratibu, akaketi kwenye nyasi zenye umande, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Ni wa Makokha," alisema. Halikuwa swali.

"Ni wa samaki. Samaki ni wa damu ya mama. Nesi alisema mmoja anaweza kukosa kurudi."

"Na haya meupe?"

"Ni maziwa, kogo. Niliwapa maziwa."

Alifumba macho.

"Maziwa ni ya kumsindikiza mgeni, Chela," alisema. "Unampa, unamfungulia. Wewe umewasindikiza na mlango umefungwa."

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Tulichimba shimo sisi wawili, yeye kwa jembe na mimi kwa mikono, na tulikuwa hatujamaliza kulifukia tulipomsikia mama akiita kutoka nyumbani. Aliita jina langu mara moja, kisha akaita kwa sauti isiyokuwa na jina ndani yake. Siku zake zilikuwa bado zaidi ya wiki tatu.

Ni Makokha niliyemkimbilia, na ni yeye aliyeizima pampu bila ruhusa na kumleta dereva wa trekta la kampuni. Tulimlaza mama kwenye trela juu ya magunia ya majani chai yaliyokuwa yakienda kiwandani. Tulipopita njia ya juu mbingu ilikuwa imeshageuka nyeusi, na kabla ya kufika lami ilianguka mvua ya mawe. Inavyoanguka kwetu haielezeki kwa mgeni: sauti ya kokoto zinazomwagwa kutoka kwenye lori, na baada ya dakika chache chai yote imekuwa nyeupe. Kogo alivua blanketi lake akamfunika mama tumbo, akainama juu yake, na mawe yakampiga yeye mgongoni. Trekta liliteleza likakwama. Makokha na dereva walisukuma. Nami nilishuka nikasukuma, mikono yangu ya miaka tisa juu ya chuma kikubwa vile, na hata wakati nasukuma nilijua kwamba haisaidii kitu, kwamba gurudumu likisogea halitasogea kwa sababu yangu. Tulikaa pale muda mrefu kabla ya kunasuka. Mama aliacha kulia, na kuacha kwake kulinitisha kuliko kilio.

Hospitalini, upande wa Kaplong, walimpokea mlangoni wakakimbia naye. Sisi tulibaki kwenye benchi, maji yakitutiririka. Nilisikiliza. Sijawahi kusikiliza kitu hivyo maishani. Nyuma ya mlango alilia mtoto mmoja, nikasimama, kumbe ni wa mwanamke mwingine. Akalia wa pili, naye hakuwa wetu. Halafu kimya, kirefu, na ndani ya kimya hicho niliwaona weupe juu ya weupe.

Nesi mmoja wa hapo alitoka anafuta mikono.

"Mama yupo. Mtoto yupo, mvulana."

"Mbona halii?" kogo aliuliza.

"Alichelewa kupumua. Sasa anapumua. Atalia."

Kogo alinigeukia. Alinitazama mara moja tu, halafu akauchukua mkono wangu akauweka mapajani mwake, akaufunika kwa mikono yake miwili, na hakuuachilia mpaka tulipoitwa.

Tulimwita Kiprop, jina la mtoto aliyekuja na mvua. Alikuwa na macho makubwa na miguu isiyotulia. Alilia kweli, baadaye, kilio chembamba, na kwa miezi mingi niliamini tumesamehewa. Mwaka wake wa kwanza ulipokaribia kwisha, mvua ya mawe ilianguka tena, adhuhuri, juu ya mabati yetu, kishindo cha kumfanya mtu mzima ashike kichwa. Ng'ombe walivunja boma. Mama alipiga kelele akamkimbilia mtoto. Kiprop alikuwa amelala mkekani chali, mikono imefunguka, na tabasamu la usingizi mdomoni. Tulisimama watatu juu yake, mama, kogo na mimi, mabati yakinguruma. Alilala mpaka mvua ikaisha.

Hajawahi kusikia kitu. Wala hajawahi kusema neno, isipokuwa kwa mikono.

Makokha nilimwambia sitaweka chambo tena, na nilimweleza kwa nini. Aliketi ukingoni na kasia lake magotini. "Mimi nilifikiri ni utani wenu tu," alisema. "Watu wa simba, watu wa chura. Nilifikiri ni ya kuchekesha watoto." Samaki aliendelea kutuletea, wadogo, wa nyungunyungu, mpaka alipostaafu akarudi kwao.

Kogo hakumwambia mama siku zile, wala mimi sikumwambia. Lakini kila jioni, baada ya kukama, alinichukua mpaka chemchemini na tone la maziwa kiganjani, akalimwaga kwenye nyasi, mahali pa wazi.

"Sema," aliniambia.

"Niseme nini?"

"Lile uliloliruka."

"Nendeni salama," niliziambia nyasi. Niliziambia jioni baada ya jioni, mpaka mwaka nilioingia sekondari na kogo akafariki.

Sasa nimesoma. Nimekaa mbele ya daktari nikamuuliza, naye amenieleza kwa utulivu habari za mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, aliyekosa hewa, aliyekuwa na macho ya manjano wiki nzima baadaye, na jinsi mambo hayo yanavyoweza kuchukua masikio. Namwamini. Nilimshukuru nikatoka nje, na kabla sijafika getini nilikuwa nimeshajiuliza: na mbona alikuja kabla ya wakati, na mbona siku ile?

Mwaka jana nilimwambia mama. Tulikuwa tunachuma chai, kila mtu mstari wake, na nilisema bila kumtazama, ndoo, vyura, maziwa, yote. Vidole vyake havikusimama.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Wiki ya samaki wa pili nilikufuata chemchemini. Nilikuona unawakatia nyasi." Alirusha majani kwenye kikapu mgongoni. "Nikarudi, na Jumamosi nikala. Nilijua ninakula nini, Chela. Mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima. Miaka yote hii nimedhani ni mimi."

Nilirudia kuchuma mche nilioumaliza.

"Na kogo," aliendelea, "usidhani hakukunusa hata kabla ya siku ile. Aliona viganja vyangu vinarudi rangi, akanyamaza. Aliniambia alipokuwa anakufa. Alisema, nilimwona mtoto anaficha kitu nikageuza uso. Yeye naye alidhani ni yeye."

Watatu, basi, chini ya paa moja, kila mmoja na ndoo yake aliyoificha kivulini, anaibadilishia maji asubuhi na jioni, isife. Nimelifikiria jambo hilo sana. Mtoto akiambiwa kwamba kosa lake limefunga mdomo wa ndugu yake, ameelemewa na mzigo mkubwa, lakini amepewa pia kitu cha kushika: angeweza kutofanya. Kumbe ile siku ya trela, mikono yangu juu ya chuma ambacho hakisogei, ndiyo iliyokuwa kweli, na kweli hiyo ndiyo niliyoikimbia. Kusema ni mimi kulikuwa rahisi kuliko kusema sikuwa na la kufanya. Nadhani kwa wote watatu ilikuwa hivyo. Siwezi kuapa kwamba kogo alikosea. Ninachoweza kusema ni kwamba alikuwa na huruma kuliko onyo lake.

Kiprop ni mwanamume sasa, ananizidi kimo, fundi wa mbao ambaye viti vyake vinauzwa mpaka Soin. Nilipokuwa nyumbani mara ya mwisho mvua ilinyesha alasiri na chura akaingia jikoni. Mama alisogeza sufuria. Mimi nilikunja miguu. Kiprop alimwona kabla yetu, kama anavyoona kila kitu kabla yetu. Alichovya vidole vitatu kwenye kibuyu, akanyunyiza, na mikono yake ikasema maneno yake, sijui ni yapi, hatukumfundisha. Chura alivimba koo akaimba, karibu kabisa na mguu wake, na Kiprop akapiga goti, akaweka kiganja sakafuni, jinsi anavyosikiliza yeye.

Kisha aliinuka akafungua mlango. Mvua iliingia ikamlowesha mkono, naye akaushikilia mlango.